Sahani Yangu Ilirudi Tupu

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Stuttgart, Ujerumani, Jumapili jioni, nimefunga madirisha yote nisisikike nikilia. Nina miaka 26, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Nilifika huku mwezi wa tisa mwaka jana kusomea uuguzi. Mafunzo ni ya miaka 3, huku tunasoma huku tunafanya kazi, na kazi yangu ni kwenye makazi ya wazee. Posho inatosha, chumba ninacho, kibali ninacho. Mama akipiga simu huuliza nimekula nini, namwambia, anamshukuru Mungu. Yanayonisumbua siwezi kumweleza, maana kila nikiyatamka yanaonekana madogo.

Shangazi, watu wa huku wamenishinda.

Jengo letu lina familia sita. Chini kabisa anakaa bibi mmoja, kwa kumtazama amepita miaka 75. Miezi minane sasa hajawahi kusimama nami dakika tano tukazungumza, ila ameshaniachia vikaratasi vitatu mlangoni. Cha kwanza kilikuja baada ya mimi kutwanga tangawizi na vitunguu saumu kwenye kinu changu kidogo, Jumapili saa nane. Mchana kweupe, wala si usiku! Cha pili kilihusu usafi. Kuna kibao hutundikwa kwenye kitasa cha mlango wako, kimeandikwa Kehrwoche. Kumbe maana yake wiki hiyo ngazi ni zako, ufagie, upige deki, na njia ya mbele pia. Mimi nilidhani ni tangazo la watu wa usafi, nikakitoa nikakiweka juu ya kabati. Cha tatu kilihusu udi. Nilichoma Alhamisi jioni kama tunavyochoma nyumbani, kengele ya moshi ikalia, jengo zima likatoka nje.

Nikasema moyoni, huyu ni mtu mzima, nitamwendea kwa wema. Nikapika maandazi ya nazi na iliki, nikayapanga kwenye sahani ya maua niliyopewa na bibi yangu siku naondoka, nikashuka saa moja na nusu usiku, nikabonyeza kengele. Alifungua mlango nusu. Nikajieleza kwa Kijerumani changu cha kuungaunga. Akapokea, akashukuru, akafunga. Neno karibu sikulisikia. Asubuhi yake nikaikuta sahani kwenye kizingiti changu, imeoshwa inang'aa, na kikaratasi kimeandikwa Danke. Tupu, Shangazi. Unajua mwenyewe kwetu sahani hairudi tupu. Hata kama ni limau moja, mtu ataweka. Niliiokota pale chini nikaona kama nimerudishiwa wema wangu wote.

Kazini nako ni hivyo hivyo. Kuna mama mmoja mzee ninayempenda sana, nikamwita Oma, yaani bibi. Mkufunzi wangu akanikatiza mbele ya wenzangu: "Hapa hakuna Oma. Ana jina lake." Nikainamisha macho kama nilivyofunzwa, akasema, "Nitazame ninapozungumza nawe." Nilimpa mwenzangu hongera ya siku ya kuzaliwa siku moja kabla, akakunja uso kana kwamba nimemuapiza. Miadi ya daktari wa meno niliambiwa halb neun, nikaelewa saa tatu na nusu. Nikafika saa tatu na dakika ishirini nikijiona nimewahi, kumbe ilikuwa saa mbili na nusu.

Na mwezi uliopita mzee mmoja wa kiume alikataa nisimguse. Aliitaja rangi yangu kwa neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Nilipomweleza msimamizi wa zamu akaniambia, "Hao ni wazee, utazoea."

Sasa sijui lipi ni lipi. Mimi ndiye sina adabu, au wao hawana utu, au nabaguliwa? Rafiki yangu mmoja wa Nairobi ananiambia niwe kama wao tu, ya nyumbani niyaache uwanja wa ndege, ndipo nitapumzika. Shangazi, niache kuwa mimi?

Mwana wa Ngamiani, Stuttgart

---

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye ile sahani. Niliishi Hamburg miaka 14, nikifanya kazi jikoni kwenye makazi ya wazee kama hayo yako, kwa hiyo nitakayokuambia sikuyasikia kwa watu.

Kwetu pwani, sahani ikibaki kwa jirani ni kama kamba. Nitairudisha na kitu, nawe utarudisha na kitu, na hivyo hatuachani. Kwa yule bibi, kitu cha mtu kikilala nyumbani kwake ni deni. Basi akaosha, akakausha, akapanda ngazi na magoti ya miaka 75, akaandika asante kwa mkono wake, kabla wewe hujaamka. Mama yake ndivyo alivyomlea. Usiku ule nyote wawili mlitoa heshima, na hakuna aliyeitambua ya mwenzake. Uliumia, na sikuambii usiumie. Ila ile sahani itoe kwenye hesabu ya matusi.

Na mlango uliofunguliwa nusu? Fikiria saa yenyewe. Kwetu hodi hupigwa mlangoni. Kwao hodi hupigwa siku nne kabla. Jioni wazee wengi kule hula mkate na jibini, chakula baridi, mapema, kisha siku imekwisha. Huenda alikuwa na nguo za kulalia, meza haijafutwa, hana hata biskuti ya kumpa mgeni. Nimewaona wanawake wa Kijerumani wakiona haya kwa mgeni wa ghafla kuliko mama zetu, kwa sababu mama zetu hawategemei nyumba iwe tayari ndipo wakukaribishe.

Sasa kinu. Jumapili yao si mchezo, mwanangu, imo kwenye katiba. Kifungu cha 140 cha katiba ya mwaka 1949 kilikibeba kifungu cha 139 cha katiba yao ya zamani, ile ya Weimar ya mwaka 1919, kinacholinda Jumapili na sikukuu kisheria ziwe siku za kupumzika. Ndiyo maana maduka yanafungwa, hakuna anayetoboa ukuta, na hata chupa za glasi hutakiwi kwenda kuzitupa kwenye pipa la mtaani siku hiyo, kwa ajili ya ule mlio wake. Siku nyingine, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ni wakati wa kimya. Miaka yangu miwili ya mwanzo niliichukia Jumapili ya Hamburg. Kimya kile kilinikumbusha nyumba yenye msiba kabla watu hawajafika. Nilikuja kuielewa kwa mwenzangu mmoja wa jikoni, ambaye dada yake alikuwa karani wa duka la chakula. Aliniambia Jumapili ndiyo siku pekee ambayo hakuna bosi wa kumwita dada yake dukani, na ndiyo siku watoto wake wanamwona akiwa ameketi. Tangu hapo nilitwanga Jumamosi, nikaweka kwenye friji. Viungo vya wiki nzima, na kinu changu sikukiuza.

Kikaratasi cha pili ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Wewe ni mtoto wa Tanga, wahenga wako wamekufunza: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kibao cha Kehrwoche ndilo jembe lako. Hapo Stuttgart na vitongoji vyake desturi hii ni ya zamani mno. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1492 tayari mji ulikuwa na amri ya kila mtu kutoa samadi yake nje kila wiki. Wangekuhesabu mpita njia wangeliruka jina lako. Bibi yule amekukaripia kama mtu wa jengo anavyomkaripia mtu wa jengo mwenzake. Zamu yako ikifika, fagia na upige deki Jumamosi asubuhi, wakati watu wanatoka kwenda sokoni, wakuone. Theluji ikianguka, njia ya mbele isafishwe mapema kabla mtu hajateleza. Ukimaliza wiki yako, kibao kitundike kwa anayefuata. Kazi ya dakika 40, na itakusemea zaidi ya Kijerumani chote utakachojifunza mwaka huu.

Udi usiuache. Nasema hivyo kwa herufi kubwa. Ila kengele za moshi kule ni lazima kisheria kila nyumba, nazo hazijui udi wala moto. Wajerumani wenyewe hufungua madirisha wazi kabisa, dakika tano hadi kumi, mara kadhaa kwa siku hata kwenye baridi kali, ili ukuta usiote kuvu. Choma udi wako mdogo karibu na wakati huo, mbali na kengele, mlango wa kwenye ngazi ukiwa umefungwa. Mkusanyiko ukiwa mkubwa, kama Idi, bandika kikaratasi chini kwenye mlango wa jengo siku mbili tatu kabla: tarehe fulani nitakuwa na wageni, samahani kwa kelele. Umeona sasa? Vikaratasi ndivyo wanavyosemezana. Yale ambayo kwetu yangesemwa barazani kwa kucheka na kupigana mabega, wao huyaandika. Yakiandikwa huwa makavu, na mtu wa pwani akiyasoma husikia ukali kuliko aliyeyaandika alivyokusudia.

Nije kazini. Kuhusu Oma, mkufunzi wako alikosea namna ya kusema, si jambo lenyewe. Mzee akiingia makazi ya wazee kule ameshapokonywa mengi: nyumba yake, funguo zake, saa yake ya kula. Kilichobaki ni jina lake. Akiitwa Oma na mtu asiye mjukuu wake, anaona hata hilo limekwenda, amekuwa mtoto wa kulishwa. Kwa bahati nzuri Kiswahili kimekuachia daraja. Neno bibi kwetu ni mama wa mama yako, na pia ni la heshima kwa mwanamke yeyote mwenye jina lake, Bi. fulani. Mwite Frau, kisha jina la ukoo wake, na moyoni useme Bi. Utakuwa umemwita vilevile. Na umwambie Sie, yaani "wewe" ya heshima, mpaka yeye mwenyewe aseme uanze kumwita du, "wewe" ya watu waliozoeana. Mkubwa ndiye anayetoa ruhusa hiyo, mdogo haiombi. Hilo ulilijua tangu utoto kwa shikamoo, ni sauti tu iliyobadilika.

Macho ni magumu zaidi, najua, maana hayasikii amri. Wewe ukiinamisha unasema "nakuheshimu", yeye anasoma "sikusikilizi" au "nimeficha kitu". Mimi nilianza kwa kutazama katikati ya nyusi za mtu. Baada ya miezi michache nikazoea. Nilipokuja likizo nyumbani mama yangu akaniuliza kwa nini namkodolea mjomba macho, kwa hiyo jiandae kubadilisha gia ukitua Dar es Salaam.

Kukosolewa mbele ya watu kulinichoma mimi pia. Kwetu humwambii mtu kosa lake hadharani ila umekusudia kumwaibisha. Kule kwenye makabidhiano ya zamu kosa hutajwa pale pale, mezani, kisha baada ya nusu saa aliyekukosoa anakuuliza kama unataka kahawa, na anauliza kwa nia safi. Wewe bado una donge kooni. Muombe mkufunzi, kwa utulivu na ana kwa ana: "Makosa yangu nataka kuyajua yote. Naomba uniambie tukiwa wawili, nitajifunza haraka zaidi." Wengi hukubali, maana wamezoea mtu kusema anachotaka. Wasichokiweza ni kukikisia kutoka usoni mwako.

Halb neun ni nusu ya kuelekea saa ya tisa kwa saa zao, sisi tunasema saa mbili na nusu. Hata Waingereza huchanganyikiwa hapo. Mwambie mtu akuandikie kwa tarakimu. Na siku ya kuzaliwa, pongezi za mapema kwao ni mkosi; subiri siku yenyewe, na yako ikifika keki unapeleka wewe.

Yale ya mzee aliyekutukana hayamo kwenye kapu hili, usiyachanganye na yote niliyoyasema. Hayo si utamaduni, wala huna la kuzoea. Ujerumani ina sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia ubaguzi, huitwa kwa kifupi AGG, na inawahusu wanafunzi wa kazi kama wewe. Inamtaka mwajiri achukue hatua kumlinda mfanyakazi wake hata anayembagua akiwa mtu wa nje, mathalan mgonjwa au mteja. Una haki ya kulalamika, na anayelalamika kwa haki haruhusiwi kuadhibiwa kwa sababu hiyo. Andika leo, kabla kumbukumbu haijafifia: tarehe, saa, maneno yenyewe, nani alikuwapo, msimamizi alikujibu nini. Peleka kwa maandishi kwa wakubwa wa makazi, na nakala kwa baraza la wafanyakazi, Betriebsrat, kama lipo. Usichelewe, kwa sababu dai la fidia chini ya sheria hiyo kwa kawaida lina miezi 2 tu, nawe umesema yalitokea mwezi uliopita. Mji mkubwa kama Stuttgart una ofisi za ushauri wa bure kwa mambo ya ubaguzi. Nenda na rafiki anayekijua Kijerumani vizuri. Mzee anaweza kuwa na ugonjwa wa kusahau, na hilo litamfanya ahurumiwe. Halimfanyi msimamizi mwenye akili timamu akuambie utazoea.

Mimi hupima hivi. Yule bibi wa chini angemwandikia kikaratasi kile Mjerumani mwenzake aliyetwanga Jumapili? Naamini angemwandikia. Mzee yule angemkataa muuguzi mwenye ngozi yake? Jibu unalo.

Rafiki yako wa Nairobi ana nia njema, lakini ushauri wake ni ule wa ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Sikuwahi kuikubali methali hiyo. Nimewaona waliolivunja kweli. Walifika mahali Kiswahili wanakizungumza kwa kujikwaa, na Kijerumani hawajakimiliki, na nyumba zao hazina harufu yoyote. Zingatia saa zao, kimya chao, mapipa yao ya taka, kwa sababu hayo ni mali ya jengo zima. Jikoni kwako, sala zako, namna unavyomlilia mama yako kwenye simu, hayo hayamhusu jirani yeyote.

Na huo upweke hukuuanza wewe. Pale Hamburg, kwenye makaburi ya Ohlsdorf, amelala Sayyida Salme, binti wa Sultani, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Alifika Hamburg mwaka 1867 na mumewe Mjerumani, akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu katika nchi ambayo hakuna aliyejua kulitamka jina alilopewa na mama yake. Nilikuwa nikienda pale siku nyingine za Jumapili, nikisimama tu. Sikuwa na la kumwambia. Ilinitosha kujua kwamba kuna mtu wa kwetu aliyeisikia baridi ile kabla yangu.

Kilichonitoa mimi kwenye upweke kilikuwa mafua. Jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke mkavu, miaka miwili hatujavuka "habari za asubuhi". Nikaugua, siku tatu sijatoka. Akaona barua zimejaa kwenye kisanduku changu na zamu yangu ya ngazi imepita. Akabonyeza kengele na sufuria ya supu, akaniambia, "Nitarudi kesho saa kumi." Hakukaa, wala hakuniuliza habari za nyumbani. Kesho yake saa kumi kamili akabonyeza. Keshokutwa saa kumi. Siku tisa, hakuwahi kuchelewa hata dakika. Siku ya tisa akaniambia jina lake la kwanza, tukaanza kuitana du, na mpaka leo hunipigia simu kila Idi kwa sababu ameiandika kwenye kalenda yake. Kwetu upendo huja bila miadi. Wake ulikuja kwa miadi, na kwenye miadi hiyo hakuniangusha.

Kwa hiyo usingoje mtu aje kugonga. Hatagonga, anaogopa kukusumbua. Tafuta kitu kinachofanyika kila wiki, siku ile ile, saa ile ile: kwaya, kuogelea, bustani ya pamoja, darasa la jioni la kushona. Wao wana chama cha kila jambo. Miezi mitatu ya kwanza utasalimiwa tu. Vumilia. Siku utakayokosa, mtu atauliza ulikuwa wapi.

Na yule bibi, muandikie kikaratasi wewe sasa. Kifupi, mwandiko mzuri: "Mpendwa Frau fulani, Jumapili ijayo saa tisa alasiri nakukaribisha kwangu kwa kahawa na maandazi. Je, una nafasi?" Saa tisa alasiri Jumapili ndiyo saa yao ya kahawa na keki, na kuzungumza hakuvunji kimya cha mtu. Kitie kwenye kisanduku chake cha barua Jumatatu, apate siku za kufikiri. Akija atafika saa tisa kamili, basi maandazi yawe yameshatoka kwenye mafuta saa tisa kasoro robo. Ikiwa ataleta keki yake, sahani ikabaki kwako, unajua la kuweka juu yake kabla hujaishusha.

Niandikie alijibu nini.

Shangazi yako